Kiapo cha Ndugu wa Kipa

Mugendi alianza kukosekana Jumapili ya mwisho ya Novemba mwaka wa 1993, saa moja asubuhi, pale Manyatta, mbele ya duka la vifaa vya ujenzi la mwenyekiti Mbaka. Lori la mashabiki lilikuwa linanguruma. Wachezaji walikuwa wamekwisha kupanda. Mtu akahesabu vichwa, akahesabu tena, akauliza Sumaku yuko wapi.

Sumaku ndilo jina walilompa ndugu yangu, kwa sababu mpira ulikuwa ukimfuata mikononi. Ni ndugu wa tumbo moja. Mimi wa kwanza, yeye wa pili, na baada yetu mama hakupata mwingine.

Wote wakanigeukia. Nikasema sijui.

Kwa anayenisoma leo kwa mara ya kwanza, mimi ni Elphas Njue. Nilikuwa karani wa duka la Mbaka, na karani wa timu yake pia, Rupingazi Rovers. Nimekwisha kuandika jinsi Mugendi alivyoiacha Kathita Stars ya Meru akarudi Embu kudakia timu ya nyumbani, na jinsi Kathita walivyokataa kumpa barua ya kumwachilia. Mbaka hakutaka kungoja barua. Alichukua kitambulisho changu, picha ya Mugendi ikabandikwa kwenye kadi yenye jina langu, na msimu mzima, kwenye karatasi za refa, kipa wa Rupingazi alikuwa mimi, mtu ambaye hata mpira wa matambara wa watoto unanipita. Sahihi iliyo chini ya ile fomu ni yangu. Mashabiki hawakujua lolote. Wao walimwona Sumaku langoni, wakaimba.

Tukashinda upande wa Embu. Upande wa Meru wakashinda Kathita. Ikabaki fainali moja, Meru, na mshindi apande ligi ya taifa.

Hapo ndipo mtego ulipotunasa. Kathita walimjua Mugendi kama mtu anavyojua mlango wa nyumba yake. Wangemwona langoni kwa jina la mwingine, wangekata rufaa kabla ya filimbi ya kwanza, na Rupingazi ingepokonywa msimu mzima.

Mbaka aliyajua hayo wiki mbili kabla. Hakumwambia kocha. Hakuwaambia mashabiki. Jumamosi mchana alituita mimi na Mugendi stoo, akafunga mlango, akamwambia Mugendi apotee siku tatu. Asipande lori, asionekane, asimuage mtu. Mugendi akauliza watu wataambiwa nini. Mbaka akasema hiyo ni kazi ya viongozi.

Viongozi waliokuwa wanajua walikuwa wawili, yeye na mimi.

Sitausimulia mpira wenyewe. Kipa wa akiba, Vincent, alikuwa amedaka mechi mbili tu msimu ule. Alifungwa matatu kabla ya mapumziko na moja baadaye. La tatu lilipita katikati ya miguu yake polepole, kama kuku anayevuka barabara. Watu waliotoka Manyatta na matawi na ngoma za mitungi walirudi bila hata mmoja kufungua mdomo. Tulipita Chuka. Tulipovuka mto Thuci, Lenah akanigusa bega. Lenah alikuwa muuza githeri ya mahindi na maharagwe, na ndiye aliyefua jezi za timu tangu ianzishwe.

"Elphas," akasema, "mwezi mzima unatuambia Sumaku anakula mayai mawili kila asubuhi. Leo alikula nini?"

Nikamwambia labda ni mgonjwa.

"Mgonjwa huaga," akasema.

Sasa niseme kosa la Mugendi, kwa maana analo moja. Alipoambiwa apotee, alipotelea kwa mtu aliyempenda. Mtu huyo alikuwa Angeline, mwalimu wa shule ya nasari kule Kaaga. Na Kaaga ni Meru. Mji uleule, siku ileile. Yeye hakuona ubaya. Alijifungia chumbani, akasikia kelele za uwanja kwa mbali, na kila bao alijua limeingia upande gani kwa ukubwa wa shangwe.

Jumanne habari ikafika Manyatta kwamba Sumaku ameonekana Kaaga akinunua maziwa. Kufikia Jumatano maziwa yalikuwa yamegeuka bia, na mnunuzi alikuwa mwenyekiti wa Kathita. Alhamisi nikaisikia ikiwa imekamilika: Wameru wamemsaidia Sumaku mahari ya Angeline, na mbuzi wa mahari ni ile mechi yetu.

"Mke mzuri huyo," mtu mmoja alisema nikipita sokoni. "Amemgharimu mabao manne."

Wakacheka. Nami nikacheka kidogo, Mungu anisamehe, ili wasinitazame sana.

Ijumaa walikuja dukani, wanaume kwa wanawake, kama sitini hivi. Hawakuja na mawe. Wengine walitoka moja kwa moja kuchuma kahawa, mikono bado ina utomvu. Walitaka kuambiwa tu. Mashabiki wa timu ndogo hawaombi mengi. Wanavumilia jezi zilizochanika, wanavumilia kocha anayebadilishwa kila mvua, wanavumilia kamati ambayo hawajawahi kuipigia kura. Lakini mtu akiwaacha wapande lori saa moja asubuhi huku anajua watafungwa, hilo hawalivumilii. Na huyo mtu alikuwa amesimama mbele yao kwenye baraza, ameshika kofia.

Mbaka alizungumza kwa upole, kama anayesoma matangazo kanisani. Akasema hata yeye ana uchungu. Akasema hajui kilichotokea. Halafu akakumbusha, kana kwamba ni jambo limempitia tu kichwani, kwamba kipa na kakake walikuwa wanalala chumba kimoja.

Macho yote yakahama kutoka kwake yakaja kwangu. Nikasema sijui, kwa mara ya tatu au ya nne, nilikuwa nimeacha kuhesabu.

Ndipo mzee mmoja akainua fimbo. Alikuwa mtu wa kwetu Siakago aliyekuja kukaa kwa bintiye Manyatta, na hakuwahi kukosa mechi. Akasema maneno ya namna hii hayamalizwi kwa kuulizana. Kwetu yana njia yake. Tupige thenge.

Thenge ni beberu. Watu wakishindwa kuujua ukweli, mtuhumiwa au mtu wa nyumba yake huapa huku akimvunja beberu mifupa kwa jiwe, na kwa kila pigo husema: kama nasema uongo, nivunjike hivi. Anayeapa uongo hapiti misimu saba ya mvua salama. Asipovunjika mwenyewe, huvunjika nyumba yake. Tumelelewa hivyo, hata sisi tuliobatizwa. Nilikuwa nimesikia thenge ikipigwa kwa ajili ya mpaka wa shamba, na kwa ajili ya kifo cha ghafla. Kwa ajili ya mpira sikuwa nimesikia kamwe, na nilidhani watu watacheka.

Hakuna aliyecheka.

Walitaka tuape wawili, mwenyekiti na mimi. Mbaka akasema yeye ni mzee wa kanisa, mambo hayo hawezi kuyagusa. Wakamkubalia. Wengine hata wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikasema nami naimba kwaya.

"Kwaya ni sauti," Lenah akasema. "Sauti yako tumeisikia tangu Jumapili. Sasa tunataka ukweli."

Ikapangwa Jumamosi ya wiki iliyofuata, Siakago, kwa sababu mtu huapia kwao.

Walipotawanyika nilimfuata Mbaka stoo, katikati ya mifuko ya simiti. Nilikuwa nimejipa moyo. Nikamwambia nitasema kweli: kadi, kitambulisho, ile Jumamosi, yote. Alinisikiliza mpaka mwisho, hakunikatiza. Kisha akanipangia mambo moja baada ya jingine, kama mtu anayesoma orodha ya bidhaa. Timu itafutwa. Kitambulisho ni mali ya serikali, na anayekitoa kitumiwe na mwingine anajulikana anakopelekwa. Aliyetia sahihi ni Elphas, si Mbaka. Habari ya kazi yangu hakuitaja. Alitazama tu funguo za duka zilizokuwa mkononi mwangu.

"Na Mugendi?" nikamuuliza.

"Mugendi ni kijana. Mvua za Machi zikianza watu watalilia mbolea, si mpira. Atarudi, atadaka penalti moja, watambeba mabegani."

"Na kiapo, mzee?"

"Elphas, wewe umemaliza kidato cha nne. Beberu ni nyama."

Nikarudi kwenye kaunta nikampimia mteja misumari ya inchi nne.

Siku moja kabla ya kiapo nilishuka nyumbani. Nilimkuta mama, Igoki, amekaa juu ya gunia anachagua ndengu. Habari ilikuwa imemfikia. Habari ya kadi hakuijua, wala sikumwambia, ingawa nilikaa karibu naye muda mrefu nikimsaidia kutoa mawe kwenye ungo. Hakunihubiria. Aliuliza kama huko juu kunanyesha. Aliuliza kama Angeline ni mtu wa kazi. Mwishowe, bila kuinua uso, akasema:

"Mimi mpira siujui. Ninajua nimezaa wawili. Kesho usiniachie mmoja."

Nikasema sawa, mama.

Jumamosi saa nne tulikuwa kwenye korongo kavu chini ya Siakago, mahali ambapo mchanga ni mweupe na jua halina pa kukwepea. Lori lilikuwa lilelile. Watu wa Manyatta walishuka wakijifuta jasho, hawajazoea joto la kwetu. Wanawake walisimama upande mmoja, mama akiwa katikati yao. Mbaka hakuja. Alituma salamu kwamba ana kamati ya harusi.

Beberu alikuwa mweusi, amefungwa, ametulia. Wazee wakanipa jiwe na wakanipa maneno. Nilitakiwa kusema kwamba kama ninajua kilichomfanya Mugendi asidake, au aliyemficha, nivunjike kama beberu huyu. Mapigo matatu.

Nilisema, nikapiga la kwanza. Sauti yake sitaieleza.

Nilisema, nikapiga la pili.

Nikainua kichwa kuvuta pumzi. Ng'ambo ya korongo, juu ya ukingo, alikuwa amesimama mwanamume mwenye shati jeupe, na nyuma yake mwanamke ameshika mkoba. Ndugu yangu ana namna yake ya kusimama. Mikono imelegea, magoti yamekunjwa kidogo, kama anayengoja kona ipigwe. Ningemtambua hata kwa kivuli.

Watu wote walikuwa wanamtazama beberu. Aliyekuwa anamtazama Mugendi ni mimi, na, kama nilivyokuja kujua jioni ile, mama.

Hakupunga mkono. Hakuita. Tangu utotoni ilikuwa hivyo: tukikosa, yeye hunyamaza mpaka mimi mkubwa niseme kwanza. Alikuwa ananiachia nafasi yangu.

Nataka msomaji aelewe jambo moja, kwa sababu wachache niliowahi kuwaeleza hunifariji kwamba nilichanganyikiwa. Sikuchanganyikiwa. Muda ulikuwepo. Jiwe lilikuwa mkononi na mdomo ulikuwa wangu. Niliifikiria sahihi yangu. Niliifikiria kaunta ya duka. Nilifikiri kwamba nimekwisha kuapa mara mbili, na nikigeuka sasa, watu hawa waliofunga safari tangu alfajiri wataacha beberu wanivunje mimi.

Nikasema maneno yale kwa mara ya tatu, kwa sauti iliyofika ng'ambo, nikapiga.

Nilipotazama tena, shati jeupe lilikuwa linapanda kuelekea barabarani. Angeline alikuwa anakimbia nyuma yake, kiatu kimoja mkononi.

Nilifikiri nimelimaliza jambo. Lenah ndiye aliyenionyesha nilichofanya. Alinijia, akaishika mikono yangu yote miwili bila kujali damu.

"Pole, Elphas. Kumbe alikuficha hata wewe."

Akaanza kulia, na wengine wakaitikia kwa vichwa. Ndivyo kesi ilivyoamuliwa. Kama ndugu wa tumbo moja ameapa kwa thenge kwamba hajui, basi jambo alilofanya Sumaku lilikuwa chafu kiasi kwamba hakuweza kumwambia hata yule aliyelala naye chumba kimoja. Kabla ya kiapo Mugendi alikuwa anashukiwa. Baada ya kiapo alikuwa mwizi. Nami nikawa mtu wa kuonewa huruma. Niliporudi dukani Jumatatu, watu waliniletea ndizi.

Mzee wa Siakago alifunga shughuli kwa onyo la kawaida la kiapo. Mpaka misimu saba ya mvua ipite, aliyeapa na aliyetajwa wasile chungu kimoja, wala wasisimame pamoja kwenye jambo la ukoo.

Jioni ile mama alikuwa na vyungu viwili jikoni. Alinipakulia kutoka kimoja. Cha pili akakifunika kwa sinia, akakisogeza kando ya moto kisipoe. Hakuniuliza kitu. Hakuniuliza siku ile, wala mwezi uliofuata, wala miaka miwili iliyofuata. Kila nilipokwenda nyumbani nilikuta vyungu viwili.

Januari Angeline alikuja Manyatta. Alisimama mbele ya kaunta kama mteja, maana Mbaka alikuwa karibu, akaomba kufuli. Nilipokuwa namtafutia, akanieleza polepole kilichopita. Waliisikia habari ya kiapo Jumatano. Alimsihi Mugendi asiende, watu wangemdhuru. Mugendi akamwambia asiogope.

"Alisema, 'Elphas hawezi kuapa uongo. Atasema. Nakwenda tu nisimame karibu, asijione yuko peke yake.'"

Nikampa kufuli. Akalikagua, akaniambia ana ujumbe mmoja tu wa Mugendi, kwamba nisimtafute. Akalipa, akatoka.

Mvua za Machi zilikuja na watu wakalilia mbolea, kama Mbaka alivyosema. Lakini hawakusahau. Watoto wa shule walitunga wimbo wa kuruka kamba, wenye mahari na mabao manne. Mugendi akaenda kulinda ghala huko Isiolo na hakudaka tena. Alipooa, wazee wa upande wa Angeline walingoja wazee wa upande wetu, na hakuna aliyekwenda. Rupingazi ilicheza msimu mmoja zaidi mbele ya watu kumi na mmoja, nilikuwa nikiwahesabu, kisha jezi zikabaki kwa Lenah. Alizifua mara ya mwisho, akazikunja, akamrudishia Mbaka dukani. Mbaka aliniambia niziweke mahali. Wakati huo alikuwa na mambo mengine. Alikuwa anataka udiwani.

Nilibaki naye. Niseme hilo pia. Nilifungua duka lake kila asubuhi saa mbili.

Februari mwaka wa 1996, misimu minne ya mvua ikiwa imepita kati ya ile saba, mama aliugua siku tisa akafa. Alikuwa hajanitupia lawama hata moja, na sasa hakungekuwa na mwingine wa kunitupia.

Nilipeleka simu ya maandishi Kaaga, kwa Angeline. Niliandika: Mama amefariki, mazishi Alhamisi. Sikujua niongeze nini. Mbaka alinipa pole, akanipa ruhusa ya siku nne, akaniambia nimwekee nafasi ya kusema machache kaburini, kama mwajiri na kama kiongozi.

Jumatano wazee walinikalisha nje ya ua. Yule mzee wa Siakago alikuwepo, amezeeka, fimbo ileile. Alisema hawana ugomvi nami, wanataka tu kuzika kwa usafi. Wana wawili wa mama mmoja, na kiapo katikati yao ambacho hakijaisha. Hawawezi wote wawili kutia udongo kwenye kaburi lile.

"Kama uliapa kweli, Mugendi asikaribie," akasema. "Kama hukuapa kweli, basi asiyekaribia ni wewe. Sisi hatujui. Anayejua ni wewe."

Nikamwambia labda Mugendi hatakuja kabisa. Kwa aibu yangu, nilisema kwa matumaini.

Mzee akaelekeza fimbo barabarani. Mtu mwenye koti refu la ulinzi alikuwa anakuja na mwanamke na mtoto mgongoni, mtoto ambaye sikuwa nimemjua. Alifika mbele ya lango letu. Alisimama pale, akatazama nyumba ya mama, moshi uliokuwa ukitoka jikoni, watu waliokuwa wanapanga viti. Alinitazama mimi pia, si kwa muda mrefu. Halafu akaendelea na njia, akaingia kwa jirani.

Mazishi ni kesho saa tano. Wazee wamenipa mpaka saa nne niwaambie ni nani kati yetu atakayebaki nje ya lango.